Mzee wa Baruti na Sauti ya Kumeza

Watu wa zamani wa Kitengela wakikuambia kwamba Mzee wa Baruti alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, ujue wanakutania. Sauti ile ingemfanya nyoka arudi ndani na kujifungia. Kazi yake pale kware, yale machimbo ya mawe ng'ambo ya barabara ya Namanga, ilikuwa moja tu. Kabla baruti haijalipuliwa, alipanda juu ya lundo la mawe na kuita, ili wachongaji watoke shimoni na Wamasai waondoe ng'ombe wao karibu. Aliita kwa Kiswahili, akaita kwa Kikamba chake, kisha akaita kwa Kimaasai kibovu ambacho wachungaji walikicheka huku wanakimbia. Mimi nilikuwa na duka la nyuzi na vifungo huku mjini, na bado nilimsikia. Nikimsikia nilishikilia kabati langu la vioo, maana nilijua mtetemeko unafuata.

Alizaliwa wapi hasa na ukoo wake ni upi, sijui, na sikuwahi kuuliza. Ploti yake ilipakana na yangu, ua wa seng'enge katikati, na hilo lilinitosha. Jirani humjui kwa ukoo. Unamjua kwa namna anavyokohoa asubuhi na kwa namna anavyorudisha sufuria uliyomwazima. Yeye alikuwa akirudisha ikiwa imesuguliwa hadi inang'aa kuliko ilivyotoka kwangu, na mimi nililichukulia hilo kama tusi.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na nyuma ya choo alikuwa mvuta sigara. Akimaliza kuvuta alitafuna majani ya mnanaa, akapita mbele ya mchungaji akiwa amefumba mdomo kama mtu mwenye mawazo mazito. Kila mtu alijua, mchungaji pia. Alikuwa mkaidi kupita kiasi. Ukimsaidia kubeba kitu, alikitua chini, akangoja uondoke, ndipo akakibeba. Alipenda kuku kuliko inavyostahili, na alichukia methali, hasa ile ya mvumilivu kula mbivu. "Nimevumilia mawe miaka yote hii," alisema, "na sijaona jiwe likiiva."

Lakini jambo la ajabu kwake lilikuwa hili: mtu huyu aliyekuwa akisikika nusu ya Kitengela, nyumbani kwake alikuwa kama bubu. Aliingia, akasema "Mko," akala, akaketi. Mkewe tulimwita Mama Vitambaa kwa sababu alifuma vile vitambaa vya kutandika juu ya viti vya sofa, na uzi alinunua kwangu. Nilikuwa nikimsikia akimchokoza mumewe ng'ambo ya ua.

"Mzee, huko kware unaongea na watu wote. Hapa unaniletea nini?"

"Kelele nimeuza yote," alijibu.

Nilicheka kila mara. Mama Vitambaa hakucheka. Alikuwa mwanamke wa maneno, na wakati huo sukari ilikuwa imeanza kumla macho. Kwanza alipoteza rangi za nyuzi, ikawa mimi ndiye ninamwambia hii ni ya bluu, hii ni ya maziwa. Halafu akapoteza sindano, halafu mlango, halafu sisi wote. Aliendelea kufuma kwa vidole. Vitambaa vyake vya upofu vilikuwa vizuri kuliko vya macho, hilo nitalisema mbele ya yeyote.

Sauti ya mzee ilianza kukwaruza miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Alisema ni vumbi la mawe. Alitafuna tangawizi, akanywa asali na ndimu, akavuta mvuke wa mwarubaini chini ya blanketi, na sigara hakuacha. Pale kware walimpa kijana mwenye filimbi amsaidie kuita. Alipoanza kutema damu ndipo alipokubali kwenda hospitali ya Kajiado, na Kajiado wakamtuma Nairobi. Huko waliona kansa kwenye kikoromeo. Wakamwambia: tukikitoa, utaishi, lakini hutaongea tena, na utapumua kwa tundu tutakaloacha shingoni. Mzee alinieleza hayo kwa mnong'ono, akiwa ameegemea ua. "Heri nusu shari," alisema, yeye mchukia methali. Nilimwitikia vivyo hivyo. Sote wawili hatukujua nusu hiyo ni kubwa kiasi gani.

Aliporudi, shingo ilikuwa na tundu la kuingia kidole, na daktari alimwambia alifunike lisiingie vumbi. Mama Vitambaa alimfumia vitambaa vidogo vya mviringo, vya uzi uleule wa sofa, na kamba za kufungia nyuma. Basi Mzee wa Baruti akawa anatembea Kitengela na kitambaa cha kiti shingoni, na hakuna mtu aliyethubutu kucheka. Lakini aliyefuma kitambaa hakuwahi kugusa mahali kilipokaa. Alimpa mkononi, mzee akajifunga mwenyewe.

"Naogopa, Mama Shiru," mkewe aliniambia. Hilo ndilo jina langu, la kifungua mimba wangu. "Nikiweka kidole nikute shimo, nitafanya nini?"

Na mzee naye alijivuta nyuma mkono wa mkewe ukikaribia uso wake. Haya ilikuwa kwake, woga ulikuwa kwa mkewe, na kati yao palikuwa na kimya ambacho sijawahi kukiona katika nyumba nyingine. Fikiria mwenyewe. Mume hana sauti, mke hana macho. Akimpungia mkono, haoni. Akiandika, haoni. Mwanzoni mzee aligonga kikombe cha bati kwa kijiko ili mkewe ajue yuko upande gani wa chumba, hadi siku mke aliposema, "Mimi si kuku, niitwe na bati." Kijiko kikarudi kabatini.

Ndipo nilipoingia katikati. Nilimnunulia ubao mdogo wa mtoto wa nasari na chaki. Yeye alisoma kidogo tu, aliandika herufi kubwa zilizoshikana bila nafasi, na mimi jioni nikifunga duka nilipita kwao nikamsomea mkewe. DAWAYASUKARIUMEKUNYWA. NIMELIPAMAJI. KUKUMMOJAMGONJWA. Nikawa mdomo wa mtu mwingine. Mama Vitambaa alijibu akinielekea mimi.

"Mwambie maharagwe iko kwa sufuria."

"Mama, ako hapa mbele yako. Anakusikia."

"Najua ananisikia. Wewe mwambie tu."

Kulikuwa na jioni nyingine ambapo mzee aliandika kitu, akainua macho kuniangalia, akafuta kwa kiganja kabla sijasoma. Akaandika tena, akafuta tena. Chaki ilimjaa suruali. Mwishowe aliandika habari ya maji au ya kuku, nikasoma hiyo. Sikuwa mjinga. Nilijua yale yaliyofutwa si ya kusomwa na muuza vifungo. Lakini bila mimi hayangefika, na mbele yangu hayakuandikika. Nilitoka pale, nikafika kwangu na kuwagombeza watoto bila sababu.

Kisha Kajiado akaja mwalimu wa sauti. Alikuwa msichana kutoka Nairobi, aliyesomea kuwafundisha watu waliopoteza usemi, na alifika hospitalini mara moja kwa mwezi. Nilimsindikiza mzee mara ya kwanza, maana alihitaji mtu wa kumsemea. Yule binti alimketisha, akamwangalia tundu bila kukunja uso, akasema:

"Mzee, pumzi yako haipiti mdomoni tena, kwa hiyo wacha kusukuma na kifua. Hii njia ya chakula ndiyo itakuwa kikoromeo yako. Unameza hewa kidogo, usiifikishe tumboni, unairudisha. Hiyo inayotoka ndiyo sauti."

Na kumwonyesha, alimeza hewa, akabeua mbele ya mzee huyo wa kanisa, akisema "pa" katikati ya mbweu. Mzee alinitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyemleta mahali pa aibu. Katika malezi yake, mtu mzima habeui mbele ya wageni, wala mbele ya mkewe, na mtoto anayebeua mezani hupigwa kofi. Sasa aliambiwa sauti yote aliyobakiwa nayo duniani imo humo.

"Pa," alisema binti. "Ta. Ka. Hizo ndizo rahisi. Hizi za puani, kama 'mama', ngoja kwanza."

Kila asubuhi mzee alisimama nyuma ya tangi lake la maji akiwa na soda iliyotoka gesi nusu, akameza na kurudisha. Nilimsikia nikiwa jikoni kwangu: ka, ka, ka, kama mashine ya kusaga inayokataa kuwaka. Mara nyingi hakikutoka kitu. Mara nyingi alitapika. Kuku walimzunguka wakidhani anawaita. Alikonda. Lakini ukaidi uleule niliokuwa nikiulalamikia ndio uliomsimamisha pale, na mwezi baada ya mwezi zikaanza kutoka: kata, pika, kapu. Sauti nene ya chini, yenye maji ndani yake. Alipolisema "kapu" kwa mara ya kwanza upande wangu wa ua, niliangusha sahani.

Alijaribu kanisani kwanza, na hilo lilikuwa kosa. Wakati wa ushuhuda alisimama, akashika kiti cha mbele, akameza hewa. Alitaka kusema bado yuko. Kilichotoka ni mbweu mrefu, na "ba" mwishoni. Watoto wakaangua kicheko. Mzee mwenzake mmoja akamshika kiwiko akimwongoza nje upesi, akidhani anataka kutapika, na dada mmoja wa maombi akaanza kumkemea pepo wa ububu kwa sauti ya juu. Sijawahi kuona mtu akitolewa kanisani kwa kusema "bado". Jumapili iliyofuata alirudi, akaketi mbele kabisa, mikono magotini. Ushuhuda ulipofika hakusimama.

Kwa mkewe alijiandaa zaidi. Alichagua maneno ambayo midomo inaweza: bado tuko. Alirudia wiki nyingi. Mchana mmoja, Mama Vitambaa akiwa anachagua maharagwe kwenye ungo, mzee alisimama mlangoni akayasema. Mimi sikuyasikia. Nilichosikia ni yeye akiniita.

"Mama Shiru. Kuja. Kuna mtu kwa nyumba."

Nilipofika, maharagwe yalikuwa yametapakaa sakafuni. Mama alikuwa amesimama ukutani, ungo mbele ya kifua. Mzee alikuwa palepale mlangoni, mikono imening'inia.

"Ni yeye, mama," nilimwambia. "Amejifunza kuongea. Ni yeye."

"Si yeye. Yeye namjua."

"Mama, mimi namwona na macho yangu."

"Wewe unaona na macho. Mimi naona na masikio. Ukinibadilishia sauti, umenibadilishia bwana." Kisha akaketi pale chini kati ya maharagwe, akaanza kulia. "Unajua siku anaenda kukatwa aliniambia nini? Hapo mlangoni? Aliniambia nisisahau kufungia kuku. Basi. Miaka yote ya ndoa, sauti niko nayo ya mwisho ni ya kuku."

Alisema hayo kama kwamba mumewe yuko Nairobi. Mzee aliyasikia yote. Alichukua ubao, akaandika, nikanyoosha mkono nisome, akafuta. Akainama kuokota maharagwe, punje moja moja.

Toka hapo ikawa hali ya kukata tamaa, na sitaipamba. Alikwenda Kajiado mwezi uliofuata amweleze binti, ajifunze sauti nyingine, laini zaidi, itakayofanana na ile ya kwanza. Binti hakuja. Walisema amehamishwa, na hakuna wa kushika nafasi yake. Mzee hakusadiki. Alikwenda mwezi mwingine na mwingine, akaketi kwenye benchi hadi mfagiaji alipofunga mlango. Alirudi na viatu vyeupe kwa vumbi, akaniandikia HAYUKO, kana kwamba mimi ningeweza kumfanya awepo.

Simu za mkono zilipofika, mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Magadi, kule kwenye magadi na joto, alisikia kwamba baba anaongea tena, akamtumia moja. Mzee alifurahi hadi alipopigiwa. Alishika simu sikioni, mwanawe akasema, "Hallo, baba? Baba, unanisikia?" Mzee akameza hewa, akasema "ta", akasema "ka", na pumzi ikapita kwa kelele shingoni. "Network ni mbaya," mwanawe akasema, akakata. Baadaye mzee alimpa mkewe simu hiyo, na Mama Vitambaa ndiye aliyekuwa akiongea na Magadi.

Siku moja alikuja dukani kwangu wateja wakiwepo, akaweka ubao juu ya kabati. NIFUNDISHEWEWE. Nilimwambia mimi najua nini, mzee wangu, mimi ninauza zipu. Akapigia mstari neno la mwisho. Basi nikafunga mlango, nikameza hewa, nikajaribu kubeua "ma" ili nimwonyeshe namna ya kuipitisha puani. Nilikohoa, nikapaliwa, machozi yakanitoka. Yeye alinitazama midomo kama mtoto darasani, akajaribu, ikatoka "ba". Tukajaribu tena. "Ba." Nilimkasirikia Mungu siku hiyo, waziwazi, nikiwa nimeshika kibweta cha vifungo. Sijaomba radhi.

Hata hivyo Mama Vitambaa alizoea kidogo. Mzee akisema "pika" alipika, akisema "tu-toke" alishika fimbo yake. Lakini alimjibu kama unavyomjibu mfanyakazi wa jirani, kwa adabu, uso umegeukia pembeni. Sauti ile ilifaa kwa kazi za nyumba. Maneno mengine, yale ya kufutwa ubaoni, hakuyathubutu tena kwa sauti hiyo.

Nilifungua duka la pili Mashuuru, na kwa miezi kadhaa nililala hukohuko. Habari zilinifikia kwa vipande: uvimbe umerudi shingoni, Nairobi wamesema hakuna cha kukata tena, njia ya chakula imebana, hata ile "ka" haitoki. Nilikasirika nilipoyasikia. Miaka yote ile nyuma ya tangi, na ugonjwa umepita kuchukua hata mbweu.

Nilifika kwao alasiri, na nyuzi za maziwa kwenye mfuko. Mzee alikuwa amelazwa kwenye kochi la sebuleni, mwepesi mno, nguo zimembaki kubwa. Mama Vitambaa alikuwa ameketi kwenye kigoda kando yake. Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya kitambaa cha shingo, umelala palepale penye tundu. Vidole vya mkono wa pili vilikuwa juu ya midomo ya mumewe.

"Karibu, Mama Shiru," alisema. Alinijua kwa viatu.

Nilitafuta ubao kwa macho, kwa mazoea, nikauona umefunika ndoo ya maji. Nikaenda kuuchukua.

"Wacha hiyo," alisema.

Midomo ya mzee ilitikisika chini ya vidole. Haikutoka sauti yoyote, hata pumzi sikuisikia. Mama Vitambaa aliinamisha kichwa kidogo.

"Anauliza duka la Mashuuru linaendelea aje."

Nilimjibu mzee kwamba linaendelea, watu wananunua. Nikamuuliza mkewe ilikuwaje.

"Alishindwa kumeza hata uji," alisema. "Nikasema, sasa naogopa nini tena? Nikashika. Shimo ni shimo tu, Mama Shiru. Iko na joto." Alisogeza kidole gumba. "Nikikosea ananipiga mkono, anarudia. Sikosei sana. Huyu namjua."

Mzee alifumba macho, akayafumbua. Safari hii midomo ilitikisika kwa muda mrefu, polepole, ikasimama, ikaanza tena. Vidole vya mkewe vilifuata. Niliona uso wake ukibadilika, yule mwanamke wa maneno. Nilingoja. Miaka yote wao ndio walioningoja mimi nisome.

"Amesema nini?" niliuliza.

Hakunigeukia.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Wewe kunywa chai, iko kwa thamosi."